Niling'oa bati za nyumba yangu mwenyewe, ndipo nikawa mjamaa

Wakuu, najua wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba.

Haya ni ya kweli tupu. Shahidi ni mke wangu, yuko hapa pembeni nikiandika.

Miaka ya sabini, Iyula, kule Mbozi. Mimi na kaka yangu Yotamu tulikuwa na nyumba mbili za bati zinazotazamana, juu kilimani, katikati ya mibuni aliyotuachia baba. Ikaja amri: wote mshuke barabarani, kwenye kijiji cha ujamaa.

Hakuna kati yetu aliyetaka.

Yotamu aligoma. Mgambo wakamng'olea bati, nyingine zikatoboka.

Mimi nikajifanya mjanja. Siku moja kabla hawajafika, nikapanda nikang'oa mwenyewe. Nilitaka kuokoa bati na misumari, basi. Dukani havikuwepo, mliokuwepo mnajua.

Sasa sikilizeni ajabu yake.

Kule chini tulipewa viwanja jirani. Maji mbali kwa wote. Kahawa ya wote ilibaki kilimani ikimezwa na magugu. Hasara ileile kabisa.

Lakini Yotamu aliendelea kulalamika, mimi nikawa mjamaa kuliko katibu wa tawi! Mtu akinung'unikia shamba la pamoja, namrukia. Kila mkutano nasimama: "Mimi sikusukumwa na mtu. Nilipanda paani naimba!"

Na nilikuwa naamini jamani, siyo maigizo.

Miaka ya themanini kamba ikalegea, watu wakaanza kurudi mashambani kwao. Yotamu akanifuata mkutanoni.

"Mdogo wangu, turudi nyumbani. Mibuni ya baba inakufa, na peke yangu siiwezi."

Nikamwita msaliti. Mbele ya watu, na wanawe wakisikia.

Akapanda kilimani peke yake. Tangu siku hiyo hatujala sahani moja.

Mwezi uliopita nilikuwa nawasimulia wajukuu, nikafika pale pa kuimba. Mke wangu akaacha kuchambua maharage.

"Baba Neema, ungeimbaje? Mdomo ulikuwa umejaa misumari. Ulikuwa unalia. Mimi ndiye niliyeshika ngazi."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka ladha ya ile misumari.

Wakuu, sisemi ujamaa ulikuwa mbaya. Wanangu walisoma kwa sababu shule ilikuwa kule chini. Nasema mimi sikuupima. Nilikuwa nimeshabomoa, na mtu akibomoa chake kwa mkono wake hakubali kwamba kilienda bure. Atatafuta sababu, na atagombana hata na ndugu yake kuilinda. Siku hizi nikiona mnavyotukanana humu kwa ajili ya vyama, najiuliza kila mmoja aling'oa bati gani.

Yotamu bado yupo, ila macho yamepungua nguvu. Jumamosi napanda kilimani.

Naumia, na sijui nianze na neno gani. Aliyewahi kuomba msamaha uliochelewa hivi anielekeze, ninasoma kila comment.