Bosi alimpa mwenzangu ng'ombe, mimi akanipa blanketi

Wakuu, heshima kwenu nyote, wenyeji wa jukwaa na mliojiunga jana.

Huku Burundi mtu akitaka aaminiwe, huapa kwa aliyempa ng'ombe. Ndicho kiapo kizito. Mimi wakati huo nilikuwa siwezi kuapa hivyo, na sababu ndiyo uzi wenyewe. Chumvi sitaongeza, imeshakolea.

Nimekulia Kigoma, nikarudi nyumbani mtu mzima. Nikapata kazi Gitega, kwenye depo ya saruji na mabati ya mzee mmoja tunayemwita Hadji. Alikuwa na depo nyingine Muyinga, msimamizi wake jamaa anaitwa Deo.

Deo alinikuta kazini. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanga mifuko isiporomoke. Shikeni hilo.

Hadji hapendi bahasha. Bonasi yake ya mwisho wa mwaka ni kitu cha kushikika: mwavuli, sufuria, redio. Na anakutolea mbele ya watu wote.

Mwaka huo nilikuwa na mchumba, Joselyne, wa Gasorwe, kule kule Muyinga. Baba yake alisema mahari bila ng'ombe asiyasikie. Nikamjibu kwa kujiamini, baba usijali, bosi wangu atanipa.

Hadji mwenyewe sikumwambia chochote. Nilidhani mabosi huwa wanaona tu.

Siku ikafika. Deo akaitwa, akapewa ng'ombe jike, mweupe, pembe moja imekatika. Makofi, vigelegele.

Nikaitwa mimi.

Blanketi.

Zito, la bluu, katikati lina picha ya chui. Wakuu, niliumia mpaka nikasahau kusema asante.

Kuanzia hapo nikagoma kwa sura. Salamu natoa nusu. Chai ya ofisini sinywi. Deo akipiga simu kuulizia mabati, namjibu "yapo" halafu nakata.

Hadji akaniita. "We, iko nini? Tangu wiki ile unabeba sura ya msiba."

Nikamwaga yote. Deo amekuja juzi, mimi nipo hapa tangu depo haina mlango. Yeye ng'ombe wa kweli, mimi chui wa kitambaa!

Sasa Hadji haogopi wezi kama anavyoogopa kuitwa mbaguzi. Kumnyang'anya Deo hawezi, maana huku ng'ombe akishatolewa kumrudisha ni tusi. Akatembea kati ya mifuko, akarudi.

"Bon. Ng'ombe iko yenu wawili. Mwezi moja Muyinga, mwezi moja Gitega. Camion si iko inatembea? Na blanketi muzungushe vilevile. Mi sipendagi ubaguzi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi lori likawa linaleta ng'ombe kutoka Muyinga, linarudi na blanketi limekunjwa kwenye kiti cha mbele. Mwezi unaofuata kinyume chake. Watoto wa Deo wakampa ng'ombe jina, Bonasi. Akazoea safari kiasi kwamba akisikia honi ya lori anasimama mwenyewe, tayari kupanda.

Mimi nilipanga chumba kimoja. Bonasi analala uani, anatafuna migomba ya mwenye nyumba, na mimi ndani natetemeka na baridi ya Gitega kwa sababu zamu ya blanketi ni ya Deo. Huo ndio usawa niliouomba.

(Mtauliza maziwa. Ng'ombe wa kwenye lori hana maziwa, ana kichefuchefu.)

Baba Joselyne akaja Gitega kumwona ng'ombe wa binti yake. Akaitazama ile pembe muda mrefu.

"Huyu namujua. Mwezi iliyopita nilimuona Muyinga, kwa Deo."

Ikabidi nimweleze mpango wa zamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake.

"Mi natoa binti muzima. We unaniletea nusu ya ng'ombe?"

Akaondoka. Joselyne akaacha kupokea simu zangu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, wakuu. Nilikuwa nampoteza mtu kwa sababu ya pembe moja.

Ikabidi niende Muyinga kwa Deo, yule yule ninayemkatia simu. Nikamweleza kila kitu, macho chini.

"Unaoa?" akashangaa. "Na Hadji hukumwambia? Ewe! Mi alinipa ng'ombe juu niko na watoto. We alisema, huyu kijana analala peke yake, na Gitega iko baridi."

Wakuu, mzee alikuwa amenifikiria, tena vizuri kabisa, kwa habari nilizompa.

Deo akaendelea, "Chukua nusu yangu. Mi nibaki na blanketi, watoto wanaipenda sana."

Siku ya mahari Gasorwe, Deo ndiye alikuwa msemaji wangu, ndani ya suti. Katikati ya hotuba, lori likapiga honi barabarani. Bonasi akainua kichwa, akakata kamba, huyoo! Wazee na suti zao nyuma, mimi na tai yangu mbele. Deo ndiye aliyemkamata, kwa sababu alijua Bonasi husimama upande gani wa lori kusubiri kupakiwa.

Baba mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Nikaozeshwa.

Funzo langu: kabla hujamnunia bosi, mwambie shida yako. Hawezi kukupa unachokihitaji moyo wako kama umemwonyesha sura tu.

Ila niseme ukweli, nikimtembelea Deo nakuta lile blanketi kitandani kwa wanawe, bado jipya, na linaniuma. Lilikuwa langu lile!

Wenzangu, nyie mliwahi kununa kwa bonasi gani? Wekeni hapo chini.

Na wanaosema nimetunga, siku hizi naweza kuapa kama watu wengine. Naapa kwa Deo, aliyenipa nusu ng'ombe.