Baraka Kwenye Koti Jeupe

Rafiki yangu wa Ziwani alikuwa mhudumu katika hoteli moja kubwa ya mjini, na kwa miaka sita alibeba sahani bila kumsumbua mtu. Balaa ilianza meneja wake alipotangaza kwamba anatafuta mtu mmoja wa kuwachagulia wageni mvinyo. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi: bilauri tatu, na atakayezitambua zote angepata cheo pamoja na nyumba yenye choo ndani. Pale Ziwani tulipanga foleni ya choo familia nane, kwa hiyo sikushangaa mke wake alipoanza kusali kwa sauti.

Jumapili jioni alitualika tukamsaidie kujifunza. Tulikuwa watatu: mimi niliye karani, jirani yetu dereva wa lori, na mchonga vinyago mmoja kutoka Ukambani, ambaye sote tulimwita mzee na kumheshimu hivyo. Mwenyeji wetu alitupokea akiwa amevaa koti jeupe la hoteli, lile la kuhudumia mezani, ambalo halikuruhusiwa hata kuvuka geti la kazini. Alizunguka nalo katika kile chumba kimoja kama paroko siku ya kipaimara. Wacha niseme ukweli: koti lile lilinichoma roho. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ploti yetu, na sasa msomi alikuwa amepata mpinzani mwenye vifungo vya dhahabu.

Mvinyo wenyewe ulikuwa mabaki ya wageni, aliyoyakusanya wiki nzima katika chupa za soda. Alitumiminia kwenye vikombe vya chai, kiasi cha kumnywesha kifaranga, akatuamuru tunuse kwanza. Tukanusa. Dereva alisema ananusa gunia lililonyeshewa. Mimi, ili nisipitwe, nikasema nasikia maua, na nikashukuru kwamba sikuulizwa maua gani. Mzee alinusa mara ya pili, kisha akasema kitu hiki kimelala ndani ya pipa la mti. Mwenyeji aliandika yote kwenye daftari, hata gunia.

Kisha likaletwa karai. Alitueleza kwamba wajuzi hawamezi. Husukutua kinywa halafu wakatema. Tulitazamana. Kutema kinywaji cha mtu nyumbani kwake, tena mbele ya mkewe? Dereva alimeza haraka, akasema koo lake halina rivasi. Mzee alibaki na mashavu yamevimba, akinitazama mimi, kwa sababu mambo ya kizungu ni mimi niliyezoea kumfafanulia.

Hapo nikafanya ujinga wangu. Kwao, kama kwetu, mzee akitaka kumbariki mtu anayekwenda kwenye jambo kubwa, huchukua funda la pombe ya asali akamnyunyizia kifuani. Nilimwinamia mzee, nikamnong'oneza kwamba mwenyeji anangoja baraka ya kesho ila anaona haya kuomba.

Mzee alisimama, akamsogelea, akampulizia kifuani funda zima la mvinyo mwekundu, kwa heshima zake zote.

Dereva alicheka mpaka akatoka nje. Nami nilicheka, tena sana. Mwenyeji hakuweza kufoka, maana baraka ya mzee haikataliwi. Aliinamisha kichwa akasema asante. Mke wake alimvua lile koti, akalipeleka bombani na ndimu, chumvi na sabuni ya unga. Alisugua mpaka vidole vikachubuka. Doa lilikuwa jekundu, likawa zambarau, likaishia hapo.

Jumatatu alikwenda na koti lile lile, maana hakuwa na jingine, na akazitambua bilauri zote tatu. Meneja alimpa mkono, kisha macho yake yakateremka kifuani. Akauliza koti lile lililala wapi, na mvinyo ule ulitoka chupa gani. Kabla ya saa sita rafiki yangu alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu, bila koti na bila kazi.

Habari hizo nilizipata kwa mke wake jioni, nikaenda kwao kuungama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, kama kawaida ya makarani. Kabla sijafungua mdomo, mzee aliingia, akakaa kwenye stuli na kuuliza mtihani ulikwendaje. Mwenyeji alimmiminia chai, taratibu, mpaka kikombe kikajaa.

"Nimepita, mzee," alimjibu. "Baraka yako imeshika."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alimshukuru Mungu, akanywa chai yake, kisha akanigeukia huku akitabasamu.

"Lakini mshukuru huyu," akasema. "Ni yeye aliyeninong'oneza kwamba unaitaka. Mimi singethubutu."

Rafiki yangu alinitazama, akaitua birika mezani. Kikombe changu hakukijaza, si siku ile wala siku nyingine.