Fito za Langvatn

Aslaug Haukom alikuwa mtu wa kuchoka kimyakimya. Huku kwetu milimani mwanamke akisema amechoka, watu humuuliza kama ameshawalisha kondoo, na akijibu ndiyo, humuuliza basi kachokea nini. Kwa hiyo hakuwa akisema. Alijikaza kisabuni, akafunga miguuni skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, akatoka.

Yeye na mumewe Eilev walitunza nyumba ya wasafiri iliyo kwenye ukingo wa juu wa ziwa Langvatn, ambako gari halifiki tangu theluji ya kwanza mpaka mito ifunguke. Kupika na kuchanja kuni kulikuwa kazi ya kila siku, lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kuweka fito. Pasaka ikikaribia, mwekaji hutoka na sleji, kigari cha kuburuta juu ya theluji, kilichojaa fito za miti yenye magome meupe. Hutoboa theluji kwa keekee, huchomeka ufito, husogea, huchomeka mwingine, mpaka mstari uvuke ziwa lililoganda na kushuka bondeni. Ukungu unaposhuka, mbingu na ardhi zikawa kitu kimoja cheupe, mpita njia hana kingine cha kuangalia. Anautafuta ufito, na akiupata anautafuta unaofuata. Watu wa jijini Oslo, wanaobishana na daktari, na askari, na wakwe zao, wakifika kwenye fito hunyamaza na kufuata.

Eilev aliziweka tangu ujana, na baba yake kabla yake. Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono. Kila alichokitazama kilikuwa na doa la ukungu katikati. Aliona pembeni tu. Hakumwambia mtu. Alimimina kahawa kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa, na akipewa gazeti alisema habari zote za siku hizi ni uongo mtupu, akalirudisha.

Fito aliziweka kwa miguu. Mwinuko huu, mteremko ule, upepo kwenye shavu la kushoto. Miguu yake ilikumbuka vizuri mno, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Ilikumbuka njia ya baba yake, iliyopita mbele ya mdomo wa mto. Lakini tangu bwawa la umeme lijengwe huko juu, maji hufunguliwa wakati wa baridi, na mkondo unaoingia ziwani pale mdomoni huila barafu kwa chini. Juu yake theluji hukaa nyororo na ya kupendeza, chini hamna kitu. Miaka yote alipokuwa anaona, Eilev aliliona jiwe kubwa jeusi lililo mbali na mdomo, akazunguka upande wa jiwe. Jiwe lilipopotea machoni, miguu ilirudi ilikofundishwa utotoni.

Aslaug aligundua mwaka juzi, siku aliyoteremka bondeni kuchukua mayai. Hakusema kitu. Aling'oa fito za mdomoni, akazihamishia kwenye jiwe, akarudi kupika. Mwaka jana akafanya vilevile. Wageni walimsifu Eilev kwa mstari wake, Eilev akajikuna kidevu, na Aslaug akaendelea kukoroga supu ya njegere. Alikwishajiuliza mara nyingi kwa nini hasemi. Ukimwondolea Eilev fito, angebaki na kiti na redio. Alimpenda huyo mzee, tena alimwonea huruma. Na siku nyingine alimchukia, maana hata siku moja hakumuuliza kwa nini magoti yake yamevimba.

Mwaka huu Eilev alimaliza mstari ikiwa imebaki siku moja tu wageni waanze kufika, akavua viatu, akalala usingizi wa mchana. Aslaug akatoka. Jua lilikuwa limeyeyusha theluji ya juu na baridi ikaigandisha upya, kwa hiyo kila ufito ulikuwa umeshikwa chini kama jino zima. Aling'oa kwa mikono miwili, akapumzika, akang'oa tena. Alikuwa amefika katikati ya kazi goti la kulia lilipomwachia. Alianguka ubavu, akajaribu kuinuka, goti likakataa.

Akakaa pale pale kwenye theluji akizitazama fito zilizobaki, zikielekea mdomoni bila wasiwasi wowote. Aliwajua watakaozifuata. Kuna wenye watoto wachanga kwenye sleji, wamefunikwa ngozi za kondoo, pua tu ndiyo inayoonekana. Kuna vijana wanaojifunga tiara kubwa kiunoni na kuvutwa na upepo juu ya skii, kasi ya kuvunja shingo. Kuna wenye mbwa, na kuna wale wanaochimba shimo kwenye theluji na kulala humo, ilhali kwa Aslaug kuna kitanda na blanketi. Wote, kwa wazimu wao wote, huziamini fito. Sasa mstari wa Langvatn ulikuwa na njia panda, na njia moja ilikuwa ya kaburini. Aslaug alilia. Hakulilia goti. Alilia kwa kuwa nguvu zilikuwa zimekwisha na kazi ilikuwa bado.

Alirudi akijiburuta kwa fimbo zake. Eilev alikuwa ameamka, yuko karibu na jiko, anakwangua nta kwenye skii.

"Eilev, fito za mdomoni hazifai. Ziko juu ya mkondo."

"Ziko kwenye jiwe."

"Haziko kwenye jiwe, mzee."

Akacheka kidogo. "Mama, leo wewe ndiye wa kunifundisha ziwa? Wewe uliyekuja hapa hujui hata skii inafungwa mbele au nyuma?"

"Hii ni mara ya tatu nazihamisha," Aslaug alisema. "Mwaka juzi nilizihamisha. Mwaka jana nilizihamisha. Leo goti limekataa, na nusu bado zimesimama pale pale ulipoziweka."

Eilev akaacha kukwangua. Kwanza alisema ni uongo. Kisha akasema kama kuna mtu aliyeharibu mstari basi ni huyo anayechezea fito za watu kwa siri, na maneno hayo yalimchoma Aslaug kuliko goti. Alitundika soksi zake zilizolowa juu ya jiko, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi alimkuta mumewe nje, skii miguuni, kamba ya sleji kiunoni. Alikuwa ametandika ngozi ya kondoo ndani yake.

"Kaa," Eilev alisema. "Nipeleke."

Wakaenda hivyo, yeye akivuta, Aslaug nyuma akisema kushoto, kulia, taratibu hapo. Kwenye ufito wa mwisho mzuri alimsimamisha. Akamfunga kamba ndefu kiunoni, ncha nyingine akaizungushia sleji, akamwambia avue skii, alale kifudifudi na atambae mbele mpaka aguse ufito. Eilev alitambaa. Alipougusa, Aslaug alimwambia aweke sikio chini.

Mzee akavua kofia, akalaza kichwa kwenye theluji, kando ya ufito aliouchomeka mwenyewe. Chini yake maji yalikuwa yakinong'ona kama sufuria iliyofunikwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Aslaug alidhani amezimia, akaivuta kamba kidogo.

"Nasikia," Eilev alisema.

Akaung'oa huo ufito, akiwa amelala vilevile, akapapasa mbele kutafuta mwingine. Aslaug alishika kamba kwa mikono yote miwili, akimwelekeza kwa sauti, na kila ufito ulipong'oka alimrudisha nyuma kidogo kama anavuta gunia. Wakati mmoja barafu ililia, ufa ukapita chini ya tumbo la mzee. Wote wawili walinyamaza mpaka nayo ikanyamaza. Baadaye walihamia upande wa jiwe, Eilev akitoboa kwa keekee na Aslaug akimwonyesha kutoka kwenye sleji.

"Kwa nini hukuniambia?" Eilev aliuliza, akiwa amempa mgongo.

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Akachomeka ufito, akaukanyagia theluji. Kazi ikaendelea mpaka wageni wa kwanza wakaonekana kama vidoa vyeusi upande wa pili wa ziwa, wakija taratibu kwenye mstari, ukungu ukianza kushuka nyuma yao.

Jioni nyumba ilijaa. Soksi zilining'inia kila mahali, mbwa walibweka nje, na watu walikuwa na nyuso nyekundu za jua la theluji na ile furaha yao ya kila Pasaka, furaha ya mtu aliyejitesa kwa hiari. Huku kwetu anayetangulia kufika humletea mwekaji wa fito chungwa, na mwaka huu aliyetangulia alikuwa Ragnvald, mwalimu wa Oslo, ambaye hajakosa hata Pasaka moja. Alisimama katikati ya chumba, akalitoa chungwa mfukoni, akatoa hotuba yake ndefu. Alisema mchana ukungu ulipotanda hakuona hata ncha za skii zake, na bado alivuka ziwa kama anayetembea sebuleni kwake. Akamnyooshea Eilev chungwa.

Eilev hakulipokea. "Mpe mama," alisema. "Mimi macho yamekwisha. Sikuoni hata wewe, Ragnvald, nasikia makelele yako tu. Fito ni zake. Na za mwaka jana pia zilikuwa zake, na za mwaka juzi, nami nikawa napokea machungwa."

Watu wakapiga makofi, Ragnvald akamshikisha Aslaug chungwa mkononi akisema basi mwakani watamtegemea yeye, na wengine wakaitikia, mwakani, mama, mwakani. Aslaug alikuwa amesimama kando ya jiko kwa mguu mmoja, mwiko mkononi. Kwa miaka mitatu alikuwa ametamani Eilev aseme maneno hayo. Sasa yalikuwa yamesemwa mbele ya watu, na alichosikia mwilini ni uzito tu, kuanzia goti hadi kope za macho.

"Mwakani simo," alisema. "Nimechoka."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. Aslaug alimtazama mumewe, akingoja aseme kwamba hayo yatazungumzwa kesho, au kwamba mama huwa hivi akiwa na njaa. Eilev alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. Aslaug akaweka mwiko chini, akaenda kukaa, mguu kaunyoosha, mbele ya wageni wote. Supu walijipakulia wenyewe.