Njia Iliyonyooshwa na Mafundi Cherehani

Saa kumi na mbili asubuhi, kila Jumapili, mlio wa majembe yaliyogongana mabegani mwa watu ulipita mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Biryogo, Kigali, ukifuatwa na harufu ya mikaratusi iliyoloa umande kutoka Mlima Kigali. Ulikuwa mwaka 1992, kabla ya masika, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi. Baba na wenzake, mafundi cherehani wote, walikuwa chama cha ingobyi, yaani machela ya kufuma ambayo watu wanne humbebea mgonjwa hadi hospitali. Hawakulipwa. Waliitunza wenyewe njia ya mlimani, kwa sababu wabebaji wanne huhitaji upana ambao mpita njia mmoja hauhitaji. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Baba akituhimiza sisi watoto tubebe maji ya kunywa.

Mwaka ule walikuwa na sababu ya kuharakisha. Bibi, mama yake Baba, aliishi upande wa pili wa mlima, juu ya mto Nyabarongo, na kidonda cha mguu wake kilikuwa kimeanza kunuka. Barabara ya kuzunguka bondeni hadi hospitali ilikuwa na vizuizi vya askari, na kitambulisho cha Bibi kilikuwa na neno moja, la kabila lake, ambalo askari wale hawakulipenda. Ilibaki njia ya mlimani. Ilipinda mara nyingi kama utumbo, na Baba akaona kuwa kona zile zingemtesa mgonjwa. Wakatoa uzi na chaki, wakapima mteremko wa upande wa Bibi kama wanavyopima kitambaa, wakachimba njia mpya iliyonyooka kutoka kileleni hadi karibu na nyumba yake. Udongo waliochimba waliumwaga kwenye kona za zamani ili watu wasizifuate tena.

Bibi alitolewa nje kwenye mkeka kuwatazama. “Mnanishonea njia au suruali?” aliuliza.

“Suruali, Mama,” alijibu Fundi Saidi, mcheshi wa chama. “Tena ya bwana harusi. Haina hata kunjo moja!”

“Basi mwambie bwana harusi awahi. Mguu huu haungoji posa.”

Tulicheka sana. Walipanga kumbeba Jumapili iliyofuata.

Mvua ilianza Jumanne, ikanyesha hadi Ijumaa. Jumapili tulishuka kwa shida tukishikilia vichaka, tukamlaza Bibi kwenye ingobyi, na wanaume wanne wakaanza kupanda. Hawakufika mbali. Maji yalikuwa yameifuata njia ile iliyonyooka yakaifanya korongo lenye kina cha kifua changu, jembamba kiasi kwamba wawili hawakuweza kusimama bega kwa bega. Kona za zamani zilikuwa tope tupu. Saidi alijaribu kupita huko akazama hadi magotini. Walijaribu mara ya pili, ingobyi ikainama, Bibi akapiga yowe. Baba alisimama akiitazama kazi ya mikono yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni hivyo hivyo.

“Nirudisheni, wanangu,” Bibi alisema. “Mtaniua kwa huruma.”

Wakamrudisha. Alikufa kabla mwezi haujaisha, na tulimzika kule kule. Baba aliendelea kupanda Jumapili akiwa na jembe, akijaza korongo kwa mawe. Wenzake walipungua, kwanza kwa aibu, kisha kwa hofu, maana kuonekana mlimani na jembe kulikuwa kumeanza kuzua maswali ya askari. Mauaji ya mwaka 1994 yaliwachukua wengi wa waliobaki, Baba akiwemo.

Siku hizi njia ya Mlima Kigali inapinda vizuri na ina mifereji ya kutoa maji. Vijana huipanda kwa mazoezi, na wapo wanaojitolea kufyeka majani Jumamosi. Nimepanda nao mara moja hadi kileleni. Waliposhuka upande wa Nyabarongo nilibaki juu. Kule chini sina tena mtu wa kumbishia hodi.