Siku Nilipoitika kwa Jina la Bwana Yangu

Nyie mkicheka, chekeni tu, maana hata leo nikiona ovaroli ya kazi imeanikwa kwenye kamba nageuza uso.

Wakati ule kampuni ya shaba hapa Kolwezi ilikuwa imeanguka, kazi hakuna, lakini kila asubuhi apeli inafanyika getini: karani anaita jina, mtu anaitika "prezan", karani anaandika. Ukikosa siku tatu, hata kwa ugonjwa, jina linafutwa, na likifutwa mnatoka katika nyumba ya kampuni. Bwana yangu Kalenga, dereva wa mashine ya kuchota mawe, alikuwa amekosa mbili kwa malaria, na siku ya tatu hata kukaa hakuweza, basi mi nikavaa ovaroli yake na buti zake (miguu inaogelea ndani), nikaficha misuko chini ya kofia, nikaenda, mama mzima wa watoto wanne.

"Kalenga!"

"Prezan," nikaitika kwa sauti nzito, na karani akaandika.

Ningerudi nyumbani salama, lakini siku zile watu waliotoka mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa hapa kwetu, treni inawarudisha kwao, na madereva karibu wote walikuwa wao. Kapita, msimamizi wetu, akanigeukia.

"Kalenga, ni weye tu unabakia. Panda ku mashine, uondoshe ile mawe mu njia."

Nikapanda (kukataa ningekataaje bila sauti yangu kunifichua?), ngazi ya tatu buti likachomoka, kofia ikaanguka, misuko ikamwagika mbele ya wanaume wote. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mi nikalia palepale juu ya ngazi.

Kapita akaamuru jina lifutwe. Karani, Tata Mukendi, naye mtu wa Kasai, hakucheka hata kidogo.

"Shefu, daftari inauliza kama jina imeitikiwa," akasema. "Mi nimesikia imeitikiwa." Kisha kwangu, polepole: "Mama, rudia ku nyumba, mugonjwa anakungojea."

Nikakimbia bila hata kumtazama. Nilijiambia nitamshukuru aibu ikipoa. Kalenga akapona, jina likabaki daftarini, nyumba ikabaki yetu, watoto wangu wote wamekulia humo. Lakini nilipompelekea Tata Mukendi kuku, wiki mbili baada ya siku ile, nilikuta mlango wazi na nyumba tupu. Walikuwa wamempandisha treni juzi yake.

Tangu hapo mtu akinitendea wema namshukuru palepale, hata niwe nalia, hata dunia nzima iwe inanicheka.