Bi Mwatum na Darasa la Kukataa

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, katika chumba kimoja cha darasa Madungu, Chake Chake, Bi Mwatum Masoud anaomba mtungi wa gesi. Kanga ameitupia begani kama mtu aliyetoka jikoni mbio, na sauti ameilegeza.

"Suhaib mwanangu, gesi imenizimikia na wali uko jikoni. Nipe mtungi mmoja huo wa hoteli, kesho naurejesha."

Suhaib, mwenye miaka 26, anatunza stoo ya hoteli moja upande wa Wambaa. Anatazama sakafu. Anasema mtungi si wake, kisha anasema bosi atauliza. Halafu, bila ya mtu kumsukuma, anauliza kama mama amekuja na mtu wa kumbebea.

Darasa zima linaangua kicheko. Mtungi wenyewe haupo, hoteli iko mbali, na Bi Mwatum si jirani wa mtu hapa, ni mratibu wa kozi. Zoezi lilikuwa moja tu, nalo ni kumkatalia. Hii ni mara ya tatu Suhaib anashindwa.

"Kaa kitako," Bi Mwatum anamwambia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Leo umenipa mtungi na mchukuzi juu yake."

Msomaji anaweza kudhani ni mchezo wa kuigiza. Ni somo la chuo kikuu, tena ndilo lililobeba roho ya kozi nzima.

Kozi yenyewe ni ya shahada, inatolewa na chuo kikuu kimoja chenye makao makuu ng'ambo ya bahari, na ina tawi dogo hapa Madungu. Wanafunzi wake kumi na wanne wote wana ajira. Wapo wa hotelini, wa gereji, wa kwenye mitambo ya kukamua mafuta ya karafuu, na mmoja anaendesha mtambo wa barafu Wete. Darasani huja Jumamosi moja, inayofuata hawaji. Siku zilizobaki wanasomea palepale wanapofanyia kazi, na mwajiri ndiye anayesema wamejifunza nini.

Msimu wa karafuu ukifika, masomo ya darasani husimama kabisa. Bi Mwatum aliliweka hilo mwanzo kabla ya jambo lolote jingine, kwani mtu akipanga mtihani wakati karafuu zimeiva atausimamia peke yake.

Ukimuuliza kwa nini aliihangaikia kozi hii, hazungumzii mitaala. Anamzungumzia mwanawe wa pili.

"Nilikwenda kusoma bara miaka mitatu, watoto nikawaacha kwa mama," anasema mwanamke huyu mwenye miaka 46. "Niliporudi, huyu mdogo alijificha nyuma ya bibi yake, akachungulia, akaniambia shikamoo shangazi. Shahada ninayo mkononi. Nilikaa hapo kizingitini nikalia."

Machungu hayakuishia hapo. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kwenye ghala la wakala wa mizigo. Anasema aliweza kueleza maana ya ghala kwa kurasa mbili, lakini siku mzigo ulipofika hakujua aanzie wapi. Alijifunza upya kwa kuwatazama waliomtangulia, na tangu hapo likamkaa moyoni kwamba mtu asome bila ya kukihama kisiwa, na asome kazi yenyewe.

Alipopata nafasi katika tawi la Madungu, alianza kwa kuwazungukia waajiri, kutoka Mkoani mpaka Wete, kuwauliza wanataka mfanyakazi wa aina gani. Walimkaribisha vizuri sana. Kila alipoingia palitoka kahawa na halua, na kila mmoja alimwambia kuwa wafanyakazi alio nao ni wazuri, Mwenyezi Mungu awazidishie. Alirudi nyumbani ameshiba, hana hata neno moja la kuanzia kozi.

Akaipanga hivyo hivyo kwa kadiri alivyoweza. Mwaka wa kwanza ukaisha, waajiri wakaombwa wawape alama watu wao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa wema.

Kila mwanafunzi alipata mia kwa mia. Mmoja alipata mia na tano. Zile tano, mwajiri alipoulizwa baadaye, alisema ni za adabu.

Makao makuu hawakucheka. Walisema matokeo ya namna hiyo hayapo duniani, na kwamba ama waajiri wale wamepikiwa majibu au kozi haipimi kitu. Wakatoa muda hadi mwisho wa mwaka wa pili. Isipopatikana tathmini ya kuaminika, kozi ifungwe, na anayetaka kuendelea ahamie ng'ambo akasome kama wengine.

Kwa Kauthar Khatib, aliyepewa zile mia na tano, kuhamia ng'ambo maana yake ni kuacha. Ana miaka 33, ana watoto wawili, na mama mkwe wake ni mgonjwa anayemtegemea yeye. Ndiye fundi wa mtambo wa barafu pale Wete. Akisikia kompresa inaunguruma vibaya, hushuka chini mwenyewe na spana.

"Niliposikia kozi itafungwa niliona giza," anasema Kauthar. "Mtu wa hali yangu hapewi nafasi mara mbili."

Bi Mwatum naye lilimwingia mwilini. Anakiri kwamba usingizi ulimpaa, na kila alipofumba macho alimwona mwanawe akichungulia nyuma ya bibi yake. Akafunga safari kwenda Wete, kwa mwenye mtambo, Mzee Jabir Mmanga, kumwomba aseme kweli.

Mzee Jabir ana miaka 67, mpole, na hajawahi kusikika akipandisha sauti. Alimsikiliza, akamkaribisha kahawa tena, akatikisa kichwa.

"Weye wanitaka miye nimseme Kauthar? Babaake tulikaa pamoja chuo cha Kurani. Mumewe nilikwenda kumposea miye. Sasa nikamwandike kwenye karatasi kuwa hili hajui na lile hajui? Muhali, mwanangu."

Neno hilo likamaliza mazungumzo, kama linavyoyamaliza kila siku visiwani. Kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumwambia lile litakalomvunja uso, na hapa Pemba mtu asiyemwonea mwenzake muhali huhesabiwa hakulelewa. Chuo kikuu kilikuwa kimewataka watu hawa wafanye utovu wa adabu kwa maandishi.

Bi Mwatum akayaacha ya kozi, akaulizia familia. Mzee Jabir akamweleza kuwa bintiye aliyeolewa Tanga amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza, na kwamba yeye hajamwona ila kwenye simu. Miaka mingi hajalala nje ya Wete. Mtambo hauna wa kuachiwa.

"Nikamwambia, si Kauthar yupo, mzee wangu? Wa mia na tano?" anasimulia Bi Mwatum.

Mzee Jabir alikitua kikombe cha kahawa.

"Funguo siwezi kumwachia," akasema.

Bi Mwatum anasema hapo alitamani kumkumbatia, ila adabu ilimzuia. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu aanze kuzunguka, kusikia mwajiri wa Pemba akisema neno la kweli juu ya mfanyakazi wake. Alama ni maneno ya watu wa chuo. Funguo ni amana, na kwenye amana hakuna muhali.

Mengine yalijitokeza yenyewe. Mtambo Kauthar anaujua, pengine kuliko yeye mwenye mali. Tatizo ni mlangoni. Akija mchuuzi wa samaki akamwambia mwanangu nina haraka, Kauthar humpa barafu ambayo haijashika, nje ngumu, katikati maji. Inayeyuka kabla ya kufika sokoni, samaki wanaoza, na mwenye samaki anarudi kumgombeza Mzee Jabir. Naye Mzee Jabir, kwa muhali, hakuwahi kumwambia Kauthar.

Kuanzia siku ile Bi Mwatum aliacha kuuliza alama. Alirudi kwa waajiri wote na swali moja: ukisafiri, utamwachia nini? Majibu yakamiminika. Huyu aachiwe gereji lakini asiachiwe vipuri. Yule aachiwe jiko, stoo hapana. Na kila aliponyimwa mtu funguo, sababu ilikuwa ileile. Kazi anaijua, kukataa hawezi. Shangazi akija anapewa, jirani akija anapewa, na aliyesoma naye skuli anapewa na cha kuongezea.

"Nilikuwa nikiwauliza waajiri wanahitaji nini, nao walikuwa hawajui wenyewe," anasema. "Walihitaji mtu anayeweza kusema hapana na kesho mkasalimiana."

Kazi ngumu ilikuwa kumpelekea Kauthar habari hizo. Kauthar hakulia. Alikasirika, akafunga safari hadi ofisini kwa Mzee Jabir, akasimama mbele yake.

"Nilimwambia, mzee wangu, miaka yote hino n'nakutia hasara nawe waniambia ahsante? Ungalinambia siku ya kwanza," anakumbuka. "Aliinamisha kichwa. Hata mimi nilimwonea huruma."

Ndivyo lilivyozaliwa darasa la kukataa. Wanafunzi wenyewe walisaidia kulipanga, kwani hakuna aliyetaka kufundishwa kukataa kwa kukunja uso kama wahudumu wa ofisi fulani ambazo mwandishi wa makala haya hatazitaja. Wakakubaliana namna yao. Kwanza unasalimia hadi salamu ziishe, na Pemba haziishi upesi. Kisha unasema hapana na sababu yake. Kisha unasema lini au wapi atapata. Halafu unanyamaza.

Hapo pa kunyamaza ndipo wengi wanapoanguka. Suhaib, kwa mfano, angekuwa amefaulu kama angefunga mdomo baada ya kumtaja bosi.

Makao makuu walilisikia swali la funguo na, kwa mshangao wa Bi Mwatum, walilipenda. Lakini wakaweka sharti. Walitaka kumwona angalau mwajiri mmoja aliyeondoka kweli na kazi isisimame. Wengi waliahidi kujaribu. Aliyekata tiketi ni Mzee Jabir. Ijumaa iliyopita alimkabidhi Kauthar funguo, akarudi mara mbili kuangalia kama amefunga tangi, kisha akapanda boti kwenda Tanga kwenye akika ya mjukuu wake, karamu ya kumchinjia mtoto mchanga iliyokuwa ikimngoja babu. Aliaga siku tatu.

Siku ya pili yake, Jumamosi ambayo haikuwa ya darasa, gazeti hili linafuatana na Bi Mwatum hadi Wete. Haendi kukagua. Dada yake anaoza binti, wageni wameshaanza kukaa, na sharubati ya ukwaju iko kwenye ndoo inangoja barafu. Mkononi ana deli kubwa la plastiki, la kutilia barafu. Umeme ulikatika usiku kucha, lakini hilo halimjii akilini.

Kauthar anamwona kwa mbali, anatoka mlangoni, anampokea kwa mikono miwili. Wanaulizana hali, watoto, mama mkwe, wa shamba na wa mjini. Bi Mwatum anamwonyesha deli.

"Mwanangu, n'gawie vipande viwili tu. Harusi ya mtoto wa dada yangu leo, watu washafika."

"Hongereni, Bi Mwatum," anasema Kauthar. "Barafu haijashika. Umeme umerudi alfajiri. Baada ya laasiri nitawaletea mwenyewe."

"Hata hino iliyoshika nje tu, mwanangu. Ni ya kutia kwenye sharubati, haiendi mbali."

"Haijashika, Bi Mwatum."

Kisha Kauthar ananyamaza. Bi Mwatum anangoja, deli mkononi. Unaona kabisa anavyongoja lile neno la ziada, lile ambalo yeye mwenyewe amekuwa akiwakataza darasani. Kauthar amezishika funguo kwa nguvu, na mdomo ameufunga. Ndani mtambo unaunguruma.

Ni Bi Mwatum anayeondoa macho kwanza. Anageuka na deli lake tupu. Hatujafika mbali anasimama njiani, anajishika kiuno, na kicheko kinamtoka hadi mpita njia mmoja anauliza kama kuna salama.

"Nimenyimwa," anasema. "Nilikuwa nataka kwelikweli, na nimenyimwa."

Sharubati inanywewa vuguvugu, na dada yake Bi Mwatum hana furaha naye. Barafu inaletwa baada ya laasiri kama ilivyoahidiwa, ngumu hadi katikati, wakati wageni wengi wameshanawa mikono.

Jioni simu inaita. Ni Mzee Jabir kutoka Tanga, na Bi Mwatum anaiweka sauti ya juu ili nasi tusikie. Mzee anauliza mtambo wake u hali gani.

"Mtambo sijui, mzee wangu. Najua mimi nimenyimwa barafu."

"Amekunyima weye?"

"Mimi. Alisema haijashika, kisha akanyamaza."

Anasikika mtoto mchanga akilia karibu na simu, na mtu mzima akimbembeleza. Mzee Jabir anakohoa kidogo.

"Basi mwambie Kauthar miye n'takaa kuno wiki nyengine."

Bi Mwatum anaweka simu mezani taratibu. Anasema waombaji wa mwaka wa kwanza mpya wameshaanza kuja kuuliza, na wawili kati yao ni akina mama wenye watoto wadogo, ambao anataka walale majumbani mwao muda wote wa masomo. Makao makuu wanangoja tathmini ya Kauthar, naye Bi Mwatum ameshajua atawaandikia nini.

"Mia siandiki tena," anasema. "Naandika kwamba mwajiri ameongeza wiki."