Kivuli cha Mlinzi

Aibu ilinikuta saa tano asubuhi, dukani kwa shangazi Kariakoo, nikiwa nampimia mteja zipu. Simu ikaanza kutetemeka kwenye kaunta, haiachi. Nilikuwa nimetoka kurusha sehemu ya thelathini na moja ya simulizi yangu kwenye grupu letu la WhatsApp, nikajua ni zile "tupia nyingine dada" za kila siku. Nikafungua huku nacheka.

"Mwandishi, huyu mlinzi si aliacha kivuli chake langoni sehemu ya nne? Leo kimetoka wapi?"

"Kakinunua Mchikichini, mtumba grade one."

"Dada, kama we mwenyewe husomi unachoandika, sisi tusome ili iweje?"

Hiyo ya mwisho ilinichoma.

Simulizi yangu inahusu mji ulio chini ya soko. Anayetaka kuingia anapita lango moja, na pale langoni anaacha kivuli chake, hakirudi tena. Ndiyo sheria ya kule. Ukiigusa hiyo, hadithi nzima inamwagika. Sasa mimi subira sina. Nikimaliza sehemu naituma hapohapo, kurudia kusoma siwezi, naona kama kuoga mara mbili. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya kukumbuka alikuwa nayo rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Yeye ndiye mwenye kauntabuku. Kila mtu wa kwenye hadithi ana kurasa zake mle: umri, kovu, anachukiana na nani. Nikikwama namtumia sauti, "Shoga, yule mama wa chumvi jicho bovu lipi?" Kabla sijamaliza kukata uzi wa mteja, jibu hilo hapo.

Hata hiyo ya thelathini na moja nilimuuliza. Mlinzi wa lango anapanda juu sokoni mchana, maadui wanamsaka mtu asiye na kivuli wamuue. Nikamuuliza, mlinzi ana kivuli? Akajibu neno moja: "Anacho." Nikaona basi mimi ndiye niliyesahau. Nikaacha mpango wa kumuua, nikamwacha apite katikati yao, salama.

Na hiyo haikuwa sehemu ya kukosea. Kuna kaka mmoja mwenye mashine ya kuchapa kule mtaa wa Gerezani alikuwa amekubali kunitolea kitabu, ila alisema nimpelekee hadithi iliyonyooka mwanzo mpaka mwisho, na yeye yumo kwenye grupu. Hakuandika kitu siku ile. Alisoma tu, nikaona alama za bluu.

Nilimwambia shangazi naenda kununua vocha, nikaenda Mchikichini.

Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kiroba, anasugua raba nyeupe kwa mswaki. Hakuniambia "mambo," na mimi sikumwambia. Nikachukua kauntabuku pale anapoiweka, chini ya pochi yake, nikafungua kwa mlinzi. Palikuwa na rangi nyeupe ya kufutia wino. Juu yake ameandika, "Kivuli: anacho." Nikakwangua kwa kucha. Chini yake, mwandiko uleule: "Kivuli: kaacha langoni, hakirudi."

"Umebadilisha."

"Ndiyo."

"Unajua watu wananiambiaje kwenye grupu?"

"Nimeona. Ya mtumba grade one nimecheka."

"Umenifanya mjinga makusudi! Mimi nakuamini kama macho yangu, we unanichora?"

Akaweka mswaki chini. "Huyo mlinzi anachechemea kama nani?"

Nikaiweka kauntabuku juu ya viatu.

"Anapiga mluzi kabla ya kufungua geti, kama nani? Anaficha karanga kwenye soksi, kama nani?"

Kama baba yake. Baba yake alikuwa mlinzi kwenye gereji moja ya Gerezani, alifariki nikiwa nimefika sehemu ya tisa. Tulipokuwa shule tulikuwa tunapita kwake, anatutolea karanga kwenye soksi, tunakula hivyohivyo. Sikumuomba ruhusa mtu. Nilijua anajua, na yeye ndiye aliyekuwa anayaandika yote mle bila kusema neno. Nikachukulia amependa.

"Ukanitumia sauti," akasema, "unatafuna muhogo, unaniambia sehemu ya thelathini na moja namuua. Unatafuna."

"Ungeniambia usimuue."

"Ningekwambia, ungesema hadithi ndiyo inataka. Nakujua we."

Ni kweli ningesema hivyo. Lakini angeniambia! Angenitukana, angevunja simu, ila asingeniacha nikatembea uchi mbele ya watu wote wale. Mpaka leo hilo sijalimeza. Nilimwambia anipe kauntabuku yangu.

"Yako?" Akaichukua, akachana kurasa za mlinzi, mbili, taratibu, akazikunja akazitia kwenye pochi. Akanipa iliyobaki. "Haya. Mengine yote ni yako."

Mteja akauliza bei ya raba, akamgeukia.

Nina wiki ya pili sasa nanyoosha hadithi. Kwa mara ya kwanza naisoma yote, na nimekuta uchafu mwingi kuliko hata walioukuta wao. Sehemu ya thelathini na moja nimeiandika upya: mlinzi hana kivuli, wanamuona, anakufa. Inatakiwa afe. Kaka wa mashine amesema nimalizie tu nimpelekee.

Kimebaki kitu kimoja. Sehemu ya nne nimeandika mlinzi anachechemea mguu wa kushoto, ya kumi na mbili wa kulia. Jibu lilikuwa kwenye zile kurasa. Nimejaribu kumkumbuka yule mzee anavyokuja getini na soksi yake ya karanga, namuona vizuri kabisa, mpaka mluzi nausikia, ila mguu siuoni.

Nimemuandikia: "Baba alikuwa anachechemea mguu gani?"

Alama zimegeuka bluu tangu juzi.